Nchi Iliyolala Chini ya Maji

Hebu fungua ramani ya Ulaya, msomaji. Tazama pale kati ya Uingereza na Denmark, palipopakwa rangi ya buluu pakaandikwa Bahari ya Kaskazini. Tumezoea kuamini kwamba buluu ni buluu tangu dunia iumbwe. Mimi nasema pale pana nchi, tena nchi ya watu waliowinda, wakavua, wakazika wafu wao.

Usiku mmoja wa Septemba 1931, meli ya uvuvi iitwayo Colinda ilikuwa ikikokota nyavu zake yapata kilomita 40 kutoka pwani ya Norfolk. Nyavu zikaleta bonge la udongo mweusi, ule wa majani yaliyooza ambao Wazungu hukausha wakafanya kuni. Wavuvi hawaupendi, unachana nyavu. Nahodha, Pilgrim Lockwood, akaanza kulivunja bonge hilo kwa sepetu. Sepetu ikagonga kitu kigumu, akadhani chuma. Kumbe chusa bwana! Chusa la pembe, urefu wa sentimita 20 na ushee, limechongwa meno upande mmoja kwa mkono uliokuwa unajua kazi yake.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza. Mtu wa kwanza angesema: mvuvi wa kale kaliangusha kutoka mtumbwini, basi. Lakini Harry na Margaret Godwin wa Cambridge walichunguza chavua iliyokuwamo katika udongo wa pande zile, wakaona ni ya miti na majani ya nchi kavu yenye maji baridi. Udongo ule haukutengenezwa baharini. Huko nyuma, mwaka 1913, Clement Reid alikwisha kuandika kitabu kuhusu misitu iliyozama, visiki vinavyojitokeza ufukweni maji yakitoka. Wengi hawakumjali sana. Baadaye chusa likapimwa kwa kaboni: umri wake kama miaka 13,500.

Mambo yenyewe si ya ajabu ukiyafikiria. Miaka kama 20,000 iliyopita maji mengi mno ya dunia yaliganda yakawa barafu juu ya nchi kavu, na bahari ikashuka mita 120 hivi. Mtu angeweza kutoka Uholanzi hadi Uingereza bila kulowesha goti, isipokuwa mito tu. (Hata Unguja wakati huo ilikuwa imeshikana na bara, na katika pango la Kuumbi imechimbwa mifupa ya punda milia.) Barafu ilipoyeyuka, bahari ikaanza kudai chake.

Mwaka 1998 mwanaakiolojia Bryony Coles aliipa nchi hiyo jina: Doggerland, kutokana na Dogger Bank, fungu la mchanga maarufu kwa wavuvi. Hapa mimi husimama kidogo. Jina la nchi nzima limetoka kwa samaki na mashua za Waholanzi! Wenyewe waliiitaje? Mito yao walikuwa na majina, bila shaka. Hakuna binadamu anayevua katika mto usio na jina. Yote yamekwenda. Wale waliotufundisha kwamba historia huanza na maandishi, na kwamba asiyeandika hana historia, wangekumbuka kwamba mababu wa Ulaya wenyewe wamo humo, kimya, chini ya mita 20 au 30 za maji.

Siku hizi wapenda vishindo husema nchi ile ilimezwa na tsunami. Ni kweli kwamba miaka 8,150 hivi iliyopita mteremko mkubwa wa chini ya bahari, Storegga, uliporomoka karibu na Norwei, na wimbi lake likatupa mchanga hadi Scotland na Shetland. Lakini wakati huo sehemu kubwa ilikwisha zama, na utafiti wa karibuni unaonyesha vipande vilibaki hata baada ya wimbi. Nchi ile ilikufa polepole. Bibi anamwambia mjukuu, pale palipo na maji palikuwa na msitu tulikookota kokwa, na mjukuu anadhani bibi anatia chumvi. Nani kati yetu ataiandika hadithi hiyo? Wimbi ni rahisi kuliandika; maji ya kifundo cha mguu yana kazi.

Ramani ya mito ile tunayo kwa sababu ya mafuta. Kampuni zilizotafuta mafuta zilipiga mitetemo kwenye sakafu ya bahari, na Vincent Gaffney na wenzake wa Birmingham wakazitumia takwimu zile kuchora mabonde. Sasa upepo umefuata. Oktoba 2023 mitambo ya Dogger Bank ilipeleka umeme wake wa kwanza pwani, na nguzo zake zinachomekwa katika sakafu ya nchi ile ile.