Figo iliyojeruhiwa huweza kupona, lakini si kila figo

Na Mwandishi Wetu

MGONJWA aliyelazwa kwa malaria kali, kuhara kupindukia au kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua huweza kuambiwa ghafla kuwa figo zake zimeacha kufanya kazi. Mkojo hautoki, mwili unavimba, na ndugu wanaanza kuulizana nani atatoa figo. Mara nyingi swali hilo huwa limekuja mapema mno.

Figo moja ya mtu mzima ina vichujio vidogo, viitwavyo nefroni, vipatavyo milioni moja. Vyote huundwa mtoto akiwa tumboni mwa mama. Baada ya kuzaliwa haviongezeki. Hata hivyo, kila kichujio kina mrija mwembamba, na seli za ukuta wa mrija huo zina uwezo wa kujirekebisha. Zilizokosa damu au kupatwa na sumu hufa na kubanduka. Zilizosalia hurudi katika hali ya uchanga, hugawanyika, huziba pengo, kisha hukomaa upya. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa.

Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuiharakisha. Tiba ni kuondoa chanzo: kutibu malaria, kurudisha maji mwilini, na kuacha vitu vinavyoumiza figo, zikiwamo dawa za maumivu kama diklofenaki na mitishamba isiyojulikana vipimo vyake. Usafishaji damu, uwe wa mashine au wa kupitisha maji maalumu tumboni, hauiponyi figo. Humweka mgonjwa hai wakati figo ikijiponya yenyewe. Wapo wengi wanaosafishwa kwa wiki chache kisha wakaachana na mashine. Kwa hiyo mgonjwa wa aina hii anapokosa huduma kwa sababu ya fedha, hufa kwa maradhi ambayo yangepona.

Hali ni tofauti kwa ugonjwa sugu, ambao huletwa zaidi na kisukari na shinikizo la juu la damu. Hapo majeraha hurudiwa miaka nenda miaka rudi, na mahali pa seli hai hujaa kovu. Kovu halichuji damu.

Zipo dawa zinazopunguza kasi ya uharibifu huo, mojawapo ikiwa losatani. Nyingine ni dapagliflozini, iliyoanza kama dawa ya kisukari. Katika utafiti wa wagonjwa 4,304 uliochapishwa mwaka 2020, ilipunguza kwa asilimia 39 hatari ya figo kudhoofika sana, kushindwa kabisa, au mgonjwa kufariki kwa maradhi ya figo au moyo. Hata wasio na kisukari walinufaika. Lakini dawa hizi ni breki, si fundi.

Je, kovu lenyewe huweza kuondoka? Utafiti mmoja wa mwaka 1998 bado unawapa wataalamu matumaini. Wagonjwa wanane wa kisukari walipandikizwa kongosho, si figo, na sukari yao ikawa ya kawaida. Baada ya miaka mitano vipande vya figo zao vilipochunguzwa, hapakuwa na nafuu. Baada ya miaka 10, uharibifu ulikuwa umerudi nyuma. Miaka 10 ni mingi, na walikuwa wanane tu.

Mengine bado yako maabara. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walikuza kwa seli shina tishu inayofanana na figo ya kijusi, na mwaka 2022 wenzao wa Singapore walirejesha utendaji wa figo za panya kwa kuzuia protini ya interleukini-11. Anayeuza leo chupa ya "kufufua figo" anauza kitu ambacho maabara hizo hazijakipata.

Kwa mwenye figo zilizokwisha kovu, hubaki mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, au upandikizaji, ambao Hospitali ya Taifa Muhimbili iliufanya kwa mara ya kwanza Novemba 2017.