Nyakati za vitenzi vya Kiingereza: kwa nini -na-, -li- na -me- havitoshi

Kitenzi ni neno linaloeleza tendo au hali. Katika Kiswahili, wakati wa tendo huonyeshwa na kiambishi kilichomo ndani ya kitenzi: ninasoma, nilisoma, nimesoma, nitasoma. Kiingereza hubadilisha umbo la kitenzi, au hutumia kitenzi kisaidizi kabla yake. Wanafunzi wengi hukariri kwamba -na- ni "am", -li- ni "did" na -me- ni "have". Makosa mengi huanzia hapo.

Maumbo ya kitenzi

Vitenzi vya kawaida huongezewa "-ed" katika wakati uliopita: "work" huwa "worked". Vingine zaidi ya 100 havifuati kanuni hiyo na lazima vikaririwe, kama "go, went, gone". Kitenzi "be" peke yake kina maumbo manane. Wakati ujao hauna umbo lake. Huonyeshwa kwa maneno kama "will". Shuleni hufundishwa nyakati 12, yaani uliopita, uliopo na ujao, kila mmoja ukiwa na hali nne: ya kawaida, inayoendelea, timilifu, na timilifu inayoendelea.

-na- ina maana mbili

Ukisema "Baba anafanya kazi bandarini", huenda unataja ajira yake, au unaeleza anachofanya sasa hivi. Kiingereza hulazimisha uchague. Ajira ni "Father works at the port". Kazi ya saa hii ni "Father is working at the port". Vitenzi vya kujua, kutaka na kuamini kwa kawaida havitumii "-ing". "Najua" ni "I know", si "I am knowing".

-me- ndiyo yenye mtego

"Mtoto amelala" ni "The child is asleep". Ukisema "The child has slept", msikilizaji ataelewa kwamba usingizi umekwisha, na huenda mtoto yuko macho. Vivyo hivyo, "amesimama mlangoni" ni "He is standing at the door", na "amevaa shati jeupe" ni "He is wearing a white shirt". Katika mifano hii -me- inaeleza hali iliyopo, ndiyo maana Kiingereza hutumia wakati uliopo.

"Have" huja pale tendo lililopita linapogusa sasa. "She has gone to Mombasa": amekwenda na hayupo hapa. "She has been to Mombasa": amewahi kufika huko na amerudi. "She went to Mombasa" husimulia safari tu, bila kusema yuko wapi sasa.

Tofauti hii ina uzito kwenye usaili wa kazi. Ukisema "I worked at a bank for five years", mwajiri ataelewa kwamba uliacha kazi hiyo. Ukisema "I have worked at a bank for five years", kwa kawaida ataelewa kwamba bado uko hapo. Kwa Kiswahili, "nimefanya kazi benki miaka mitano" inaweza kubeba maana zote mbili.

Siku ikitajwa

Katika mazungumzo ya Kiswahili si ajabu kusikia "nimemwona jana". Kwa Kiingereza, maneno kama "yesterday", "last year" au "in 2019" hufunga mlango wa "have". Sema "I saw him yesterday", si "I have seen him yesterday".

Kukanusha

"Nilikwenda" ikikanushwa huwa "sikwenda", na -li- hutoweka. Kiingereza nacho hufanya jambo linalofanana. "I went" huwa "I did not go", kwa sababu "did" tayari imebeba wakati uliopita. "I did not went" ni kosa, kwani wakati huo umetajwa mara mbili.

Kwa hiyo, kabla ya kutafsiri kiambishi, jiulize maswali matatu. Je, ni tendo au ni hali iliyopo? Je, limekwisha kabisa au linagusa sasa? Je, siku yake imetajwa? Majibu ya maswali hayo yatakuongoza kwenye wakati unaofaa.