Vidonda vya mdomoni vinavyojirudia kwa watoto

Vidonda vya mdomoni vinavyojirudia ni vidonda vidogo vinavyotokea ndani ya mashavu au midomo, au pembeni mwa ulimi, vikapona, kisha vikatokea tena baada ya wiki au miezi. Kwa kawaida ni vya mviringo, havifiki sentimita 1, ni vyeupe au vya njano katikati na vyekundu ukingoni. Haviambukizi, na hupona vyenyewe kwa siku 7 hadi 14.

Visababishi

Chanzo hakijulikani kikamilifu. Huchochewa na kujing'ata, mswaki mgumu, uchovu, au upungufu wa madini ya chuma, foleti na vitamini B12. Katika wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, muhogo ni miongoni mwa vyakula vikuu, lakini una chuma kidogo na hauna vitamini B12. Maharage na mboga za majani huongeza chuma na foleti. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, mayai na maziwa hutoa vitamini B12.

Magonjwa yanayofanana

Virusi vya herpesi huleta homa, ufizi kuvimba na malengelenge mengi, na huambukiza. Surua huleta vidonda mdomoni pamoja na homa na vipele mwilini. Utando mweupe mdomoni husababishwa na fangasi. Vidonda vikubwa visivyopona huweza kuwa dalili ya kinga dhaifu, kwa mfano kutokana na VVU.

Matibabu

Mtoto asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, kisha ateme. Mdogo husafishwa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji hayo. Apewe uji uliopoa na vinywaji vya kutosha, aepushwe na ndimu na pilipili. Parasetamoli kulingana na uzito hupunguza maumivu, aspirini asipewe. Antibiotiki hazisaidii vidonda vya kawaida. Kwa vidonda vya surua, zahanati hutumia dawa ya zambarau (GV) ya asilimia 0.25 mara mbili kwa siku, pamoja na vitamini A.

Dalili za hatari

Mtoto apelekwe kituo cha afya akishindwa kunywa, akiwa na homa kali, akikonda, au kidonda kikizidi wiki 2. Ufizi unaotoa harufu mbaya na shavu kuvimba huweza kuwa noma, ugonjwa unaokula uso na kuua haraka usipotibiwa. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6 wenye utapiamlo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa Desemba 2023. Ukiwahiwa kwa antibiotiki, hutibika.