Mechi ya 1871 Yarudi Uwanjani

Mei 4, 1871, timu ya besiboli ya Kekionga kutoka Fort Wayne, Marekani, iliifunga Forest City ya Cleveland 2-0. Ndiyo mechi ya kwanza ya ligi ya kwanza ya kulipwa nchini humo. Kekionga haikumaliza msimu, ilivunjika. Hata hivyo, kijana wa Wiyoni, hapa mjini Lamu, akiwa na kompyuta na Out of the Park Baseball, programu ya kuigiza mechi za besiboli, anaweza kuirudisha uwanjani leo, akampa mpira mrushaji Bobby Mathews, aliyekuwa na miaka 19, na kuitazama ikicheza msimu hadi mwisho.

Yote haya yamewezekana kwa sababu kuna aliyeandika. Henry Chadwick, mzaliwa wa Exeter, Uingereza, alikuwa mwandishi wa kriketi kabla ya kuhamia besiboli. Alizoeza magazeti kuchapa jedwali la kila mechi: nani alipiga, nani alikimbia, nani alikosea. Mwaka 1961 Hal Richman alitumia takwimu za namna hiyo kuuza Strat-O-Matic, mchezo wa kadi na dadu, kila mchezaji na kadi yake. Kompyuta ilikuja baadaye kufanya hesabu zilezile kwa kasi. Out of the Park, iliyotoka mwaka 1999, ni kazi ya Mjerumani, Markus Heinsohn.

Kuirudia historia hii si kubonyeza tu. Mwaka 1871 mrushaji alirusha mpira mkono ukiwa chini ya kiuno, kutoka futi 45. Leo ni futi 60 na inchi 6. Mpigaji alikuwa na haki ya kudai mpira wa juu au wa chini. Wachezaji walidaka kwa mikono mitupu, kwa hiyo makosa yalikuwa mengi. Programu isiyoyajua haya humchezesha Mathews kama mtu wa karne yetu, na matokeo yake hayafai kitu.

Kwangu mimi, uzito wa jambo hili uko kwa wachezaji weusi. Walifungiwa nje ya ligi kuu mpaka Jackie Robinson alipoingia Aprili 1947. Josh Gibson, mpigaji hodari kupita kiasi, alikuwa amefariki Januari ya mwaka huohuo, akiwa na miaka 35. Ligi zao wenyewe, zilizoanza na ile ya Rube Foster mwaka 1920, ziliandikwa na magazeti ya watu weusi kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier. Watafiti wamepekua kurasa hizo mechi baada ya mechi. Mwaka 2024 takwimu za wachezaji hao weusi ziliingizwa katika rekodi rasmi, na Gibson akashika nafasi ya kwanza kwa wastani wa kupiga wa maisha yote, .372, akimpita Ty Cobb aliyekuwa akiishika kabla yake. Sasa kwenye kompyuta anakutana na warushaji aliozuiwa kukabiliana nao alipokuwa hai. Haki hiyo imechelewa mno, lakini isingepatikana kabisa bila wale waandishi.

Besiboli si ngeni Afrika Mashariki: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport. Lakini kwetu mchezo ni kandanda. Kombe la Gossage lilianza mwaka 1926 kwa Kenya na Uganda, na kompyuta haiwezi kuwachezesha wachezaji wake wa zamani kwa matokeo matupu ya mabao. Inahitaji kikosi, dakika, mfungaji, aliyetoa pasi.

Mechi za mtaani nazo zinahitaji hayohayo. Vijana wa Wiyoni, ketini na wazee waliocheza mpira Lamu wangali hai. Waulizeni nani alisimama golini, nani alifunga, dhidi ya nani, mwaka gani. Kisha andikeni pia mechi ya wiki hii, na daftari litunzwe na klabu.