HALLOWEEN, UCHAWI NA SISI WA KISII NA NYAMIRA



Kila mwaka Oktoba ikielekea kuisha, simu na runinga zetu hujaa maboga yaliyochongwa macho na meno, watoto waliovaa vinyago, na kikongwe mwenye pua ndefu na kofia ya ncha akiwa amepanda ufagio. Hiyo ndiyo Halloween, usiku wa tarehe 31 Oktoba. Kijana wetu anaangalia, anacheka, halafu anauliza: "Kwani kuna ubaya gani? Si ni mchezo tu?"

Ni swali zuri, na tusilijibu kwa hasira. Hebu tuangalie historia, kwanza ya kwao kisha ya kwetu. Kwa sababu hapa Kisii na Nyamira yule kikongwe si mchoro. Ana boma, ana wajukuu, na wako waliochomwa moto.

ILITOKA WAPI?

Zamani Wakelti wa Ayalandi na Uskoti walikuwa na sikukuu inayoitwa Samhain. Mavuno yameisha, mifugo imerudishwa kutoka malishoni, baridi inaanza. Mwanzo wa majira hayo ulikuwa tarehe 1 Novemba, na usiku wa kuamkia siku hiyo waliamini kwamba mlango kati ya walio hai na viumbe wa gizani huwa wazi. Kwa hiyo waliwasha mioto mikubwa kujikinga.

Ukristo ukaingia. Papa Gregory wa Tatu, aliyeongoza kuanzia 731 hadi 741, aliweka wakfu kanisa dogo huko Roma kwa ajili ya watakatifu wote. Kufikia mwaka 835 sikukuu ya watakatifu ya tarehe 1 Novemba ilikuwa imeenezwa katika dola ya Wafaranki. Baadaye ikaongezwa siku ya kuwaombea wafu, tarehe 2 Novemba. Jina Halloween maana yake ni mkesha wa watakatifu wote. Unaona mambo yalivyochanganyika? Dini ilibadilika, lakini khofu ya zamani ikabaki chini ya jina jipya.

Masikini walipita nyumba kwa nyumba wakipewa mikate midogo ili wawaombee marehemu wa nyumba hiyo. Vijana wa Uskoti na Ayalandi walijifunika nyuso wakaimba mlangoni wapewe chochote. Walichonga tanipu, mzizi wa mviringo kama kiazi kikubwa, wakaweka moto ndani. Njaa kuu ya Ayalandi ilipoanza 1845, baada ya viazi kuoza mashambani, watu wapatao milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni wakahama, wengi wao kwenda Marekani. Huko walikuta boga, kubwa na rahisi kuchonga. Katika karne ya 20 wenye maduka wakaingia na peremende na mavazi, na ndiyo hii tunayoiona kwenye simu.

NA KWETU JE?

Usidhani sisi tulikuwa mbali sana na hayo. Wazee wetu wa Abagusii waliogopa ebirecha, roho za waliotangulia. Ugonjwa ukizidi nyumbani, mtu alikwenda kwa omoragori, mpiga ramli, aambiwe ni nani aliyekasirika au ni nani aliyeroga. Na omorogi, yaani mchawi, alisemwa kuwa anatembea uchi usiku akibeba chungu cha moto, unawaka na kuzima, unawaka na kuzima. Weka chungu hicho kando ya tanipu ya Ayalandi. Khofu ni ileile.

Ulaya nako hawakuanza kwa mchezo. Kati ya karne ya 15 na ya 18 watu wanaokadiriwa kuwa 40,000 hadi 60,000 waliuawa kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake. Huko Salem, Marekani, mwaka 1692 walinyongwa watu 19. Sheria ya kuua wachawi Uingereza ilifutwa katika miaka ya 1730. Mtoto wa huko leo anavaa kofia ya mchawi na kucheka kwa sababu bibi yake hatachomwa kwa neno hilo.

Bibi yako wewe anaweza kuchomwa. Mwezi wa Mei 2008, katika kijiji cha Nyakeo na vijiji jirani hapa Kisii, kundi lilizunguka usiku nyumba hadi nyumba na orodha ya majina. Waliuawa watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, na nyumba zikateketezwa. Ushahidi wao ulikuwa nini? Wanakijiji walisema ni daftari lililookotwa shuleni, eti lina kumbukumbu za mkutano wa wachawi. Daftari! Tena tarehe 17 Oktoba 2021 huko Marani, wiki mbili kamili kabla ya Halloween, wanawake wanne waliuawa na kuchomwa, mkubwa wao akiwa na zaidi ya miaka 80, wakituhumiwa kumroga mwanafunzi.

Tuseme ukweli pia kuhusu ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba katika Kaunti ya Kisii. Mjane mzee akiishi peke yake kwenye kipande cha shamba, neno "mchawi" linaweza kumfaidi mtu.

UISLAMU UNASEMAJE?

Uislamu haukatai kwamba uchawi upo. Qur'an 2:102 inautaja na kuulaani. Mtume (s.a.w.) aliuhesabu miongoni mwa madhambi saba yanayoangamiza. Lakini soma hadith hiyo mpaka mwisho: kuua nafsi bila haki imo, na kuwasingizia wanawake waumini wenye kujihifadhi imo pia. Anayemwasha moto mwanamke kwa sababu anachukia uchawi amekimbia dhambi moja na kuangukia nyingine mbili.

Kisha mtazame Mtume mwenyewe. Bukhari amepokea kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) kwamba Mtume alirogwa na Labid bin al-A'sam. Allah akamponya na kumjulisha aliyefanya na kisima kilipofichwa kitu hicho. Yeye alijua kwa wahyi, si kwa daftari wala kwa uvumi wa sokoni. Alifanya nini? Hakuita kundi. Alichukia kuamsha shari baina ya watu, akaamuru kisima kifukiwe. Na wanazuoni waliojadili adhabu ya mchawi waliiweka kwa kadhi na ushahidi, si kwa vijana wenye kiberiti. Qur'an 49:6 inatuamrisha kuhakikisha habari, na 49:12 inatukataza dhana. Hata sheria ya Kenya ya mwaka 1925 inafanya kosa kumtuhumu mtu uchawi ovyo.

TUFANYE NINI?

Kwanza, Halloween si yetu. Mtume alipowakuta watu wa Madina na siku mbili za michezo, aliwaambia Allah amewabadilishia zilizo bora, Idd mbili. Mwaka 2005 usiku huo wa vinyago uliangukia ndani ya kumi la mwisho la Ramadhan. Wao walikuwa na maboga, sisi tulikuwa tunautafuta Laylatul Qadr. Nani aliyepata hasara?

Pili, mtu akiugua, mpeleke hospitali, msomee Falaq na Naas na Ayatul Kursiy. Usiende kwa omoragori. Ameonya Mtume, kama alivyopokea Muslim, kwamba anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza haikubaliwi swala yake siku arubaini.

Tatu, ukisikia majina yameanza kutajwa kijijini, usinyamaze na usitume ujumbe huo kwa mwingine. Mwambie imamu, chifu na polisi mapema, kabla ya usiku kuingia.

Na kama kuna nyanya jirani anayeogopwa, mpelekee futari leo, Muislamu au si Muislamu. Keti, kula naye, watu wakuone umetoka kwake ukiwa mzima.

Allah atukinge na shari ya wachawi na shari ya wanaowasingizia watu uchawi. Aamin.

Wabillahi tawfiiq.