Kitanda cha Anayeuguza

Mwaka 1954, daktari wa magonjwa ya akili Thomas Adeoye Lambo alirejea Nigeria kutoka masomoni Uingereza na kukabidhiwa hospitali ya Aro, mjini Abeokuta, ambayo ujenzi wake ulikuwa haujakamilika. Wagonjwa walikuwapo, vitanda havikutosha. Lambo akawaendea wazee wa vijiji vinne vya jirani, akaomba wagonjwa wapangishiwe vyumba. Sharti lilikuwa kila mgonjwa aje na ndugu yake, wa kumpikia, kumfulia na kumsindikiza kwenye matibabu.

Ndugu kumuuguza mgonjwa hospitalini halikuwa jambo geni Afrika. Upya wa Aro ulikuwa kumweka ndugu huyo kwenye hesabu za hospitali. Wanakijiji walikopeshwa fedha za kuongeza vyumba, wakaletewa maji ya bomba na kikosi cha kuangamiza mbu. Mgonjwa aliyechanganyikiwa akawa na mtu anayemjua pembeni yake, na mtu huyo akawa na pa kulala.

Uingereza, iliyokuwa na majengo na manesi, ilipita njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1940 zilikuwapo hospitali za London zilizowaruhusu wazazi kumwona mtoto Jumapili tu, kwa saa chache. Manesi waliamini ujio wa mama humliza mtoto na kuvuruga wodi. Ni kweli daktari James Spence alikuwa akiwalaza mama na watoto wao pamoja huko Newcastle tangu 1925, lakini wachache walimfuata. Mwaka 1952 mtafiti James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili akinyong'onyea wodini bila mama yake, na baadhi ya madaktari wakaipinga vikali. Ripoti ya 1959 ya kamati ya Platt, kuhusu watoto waliolazwa, ndiyo iliyoshauri wazazi waruhusiwe muda wowote. Hata hivyo hospitali zilijivuta, hadi wazazi wakaunda chama chao mwaka 1961 kuzisukuma.

Huko Bogotá, Kolombia, uhaba ulifungua tena mlango. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watoto njiti walibanana katika mashine za joto zisizotosha, wakiambukizana maradhi. Daktari Edgar Rey Sanabria akawafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo, tunayoiita kangaruu, kwa muda mrefu ilidharauliwa kama dawa ya maskini.

Dharau hiyo ilijibiwa mwaka 2021. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulifuatilia watoto 3,211 wenye uzito wa kati ya kilo 1 na 1.8. Waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12 ndani ya siku 28. Waliosubiri kwanza hali itulie, asilimia 15.7. Ili jambo hilo liwezekane, vitanda vya mama viliingizwa ndani ya wodi ya watoto mahututi, na mama asipoweza, ndugu alishika zamu.

Aro na Bogotá zilianza kwa kukosa, zikagundua kwamba ndugu ni sehemu ya tiba. Lakini tiba hiyo ina gharama zake: kitanda, maji, choo, maelekezo ya nesi. Hospitali inayomwachia ndugu kazi huku ikimlaza kwenye sakafu ya baraza imechukua nusu rahisi ya somo la Lambo.