Sheng ya Eastlands mbele ya tarakilishi

NENO "noma" laweza kumtaabisha mtafiti wiki nzima. Kijana wa Kayole akisema jambo fulani ni noma, huenda analalamika, huenda anasifu. Mwenzake wa Dandora humwelewa papo hapo. Tarakilishi haielewi mpaka ifundishwe.

Ufundishaji wa aina hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyoshughulikiwa na watafiti wa Shule ya Kompyuta na Informatiki ya Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Chiromo, ambayo tangu mageuzi ya 2021 ni idara katika Kitivo cha Sayansi na Teknolojia.

Semina ya utafiti ni kikao ambamo mwanafunzi wa uzamili au uzamifu huwasilisha kazi isiyokamilika, nao wahadhiri na wenzake wakaihoji: data imetoka wapi, nani aliipanga, matokeo yamepimwaje. Warsha ya mafunzo ni tofauti, kwani huko watu huketi mbele ya mashine na kujaribu wenyewe. Warsha kubwa ya akili unde ya bara zima, Deep Learning Indaba, ilifanyika Chuo Kikuu cha Kenyatta Agosti 2019.

Mwaka huo huo Edward Ombui, Lawrence Muchemi na Peter Wagacha walichapisha utafiti kuhusu kutambua matamshi ya chuki katika jumbe zinazochanganya lugha. Haikuwa mada ya kujifurahisha. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua zaidi ya watu 1,100, Mathare na mitaa jirani ikiwemo, na jumbe za simu zilitumika kueneza uchochezi.

Kazi yenyewe huanza na binadamu. Wasomaji kadhaa hupewa ujumbe ule ule, kila mmoja akauweka katika fungu lake: chuki, matusi matupu, au maneno ya kawaida. Wakikubaliana, mashine hupata mfano wa kujifunzia. Sasa msomaji asiyejua Sheng atauhesabu utani wa vijana kuwa kitisho, na kitisho chenyewe, kikivaa maneno mapya ya mtaani, kitampita. Kosa hilo hurithiwa na mashine.

Wataalamu hawakubaliani kuhusu umri wa Sheng. Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya 1997, waliihusisha na vijana wa Eastlands wa miaka ya 1970. Alamin Mazrui anairudisha nyuma hadi miaka ya 1930. Hata hivyo, mradi wa Kencorpus, ulioshirikisha vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene, ulikusanya matini 4,442 na faili 1,152 za sauti katika Kiswahili, Dholuo na Kiluhya. Sheng haikuwa mojawapo ya lugha hizo tatu. Lugha isiyo na tahajia moja, inayobadilika kutoka mtaa hadi mtaa, ni ghali kuipanga.

Mwenye ujuzi huo yuko Buruburu, na ili kufika Chiromo hushuka katikati ya jiji apande matatu ya pili. Kwao, maktaba za umma za Kaloleni na Makadara, ambazo shirika la Book Bunk limeshughulikia ukarabati wake, zina meza na viti. Wasomaji wa jumbe wangeweza kuketi huko.